Blanketi Juu ya Kompyuta

Harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya mashine hunirudisha Tunduma hadi leo, popote nilipo, na nimezunguka kwingi. Ndivyo ilivyonuka kompyuta yetu ya kwanza, aliyoinunua baba kwa Mzambia mmoja miaka ya tisini. Skrini yake ilikuwa na kisogo kirefu, nzito kama gunia la kahawa. Ikapewa meza ya chakula. Sisi tukahamia mkekani.

Bibi, mama yake baba, alipokuja kutoka Itaka aliitazama kwa mashaka. Kwao mvua ya radi ikianza vioo vyote hufunikwa, maana huita radi.

"Hiki nacho ni kioo," alisema.

"Hapana, mama, ni kompyuta," baba akacheka.

"Ukikizima, unaona sura yako?"

"Naona."

"Basi ni kioo. Usinichezee."

Alasiri moja baba alitoka kidogo kwenda mpakani, akaiacha kompyuta inawaka. Mama alikuwa sokoni. Mvua ikatushukia ghafla, na radi ya kwanza ikatikisa bati zote. Bibi akavuta blanketi lake zito, akaifunika ile mashine mbele na nyuma.

"Nendeni kule ukutani! Msisogee!" alitufokea mimi na mdogo wangu. Yeye akaketi sakafuni, kati yetu na meza.

Ndipo harufu ikaanza. Kisha moshi mwembamba ukapenya kwenye nyuzi za blanketi. Ndugu zangu, niliamini kabisa kwamba radi imeshaingia ndani, imejibanza mle chini, inachagua wa kuanza naye. Nje kulikuwa kunapasuka. Mdogo wangu alijikojolea.

"Bibi, toka hapo!" nililia.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Ikitaka mtu, mimi nipo."

Umeme ukakatika. Moshi ukafifia polepole.

Baba alirudi ameloa, akafunua blanketi, akakuta plastiki ya juu imelegea na kubonyea kwa joto lililokosa pa kutokea. Alifungua mdomo kufoka. Akaona Bibi bado ameketi kati yetu na meza, akaufunga.

Nilikuwa mtu mzima baba aliponiambia kwamba mtoto wa kwanza wa Bibi aliuawa na radi, chumbani, mbele ya kioo ambacho hakuna aliyekumbuka kukifunika.

Siku hizi kompyuta yangu ni nyembamba, inakunjwa kama kitabu na kuingia begini. Ngurumo zikianza, katika nyumba yoyote ya wageni, huizima na kuikunja. Inatosha, najua. Halafu huchukua blanketi la kitandani, nikaifunika.