Chupa ya Maji Kando ya Cherehani

Katika kiwanda nilimokuwa nikishona suruali, choo kilikuwa nyuma kabisa, ng'ambo ya uwanja wa malori. Kila aliyetaka kwenda alimwomba msimamizi ruhusa mbele ya watu. Kwa kuona haya, nikaamua kutokunywa maji. Nilikunywa chai nyumbani, mtaani Junda, alfajiri, basi. Mpaka jioni midomo imekauka, na joto la mabati liko juu ya vichwa vyetu.

Mgongo ukaanza kunikaza kiunoni, maumivu yakateremka hadi mguuni. Siku moja niliinama kuokota mkasi, nikashindwa kuinuka. Wenzangu walinishika kwapani wakaniinua kama gunia.

Mama, ambaye naishi naye, alinikanda kwa mafuta ya moto. "Hata bibi yako alipinda hivi hivi," akasema. "Huu ni mgongo wa kwetu."

"Mimi sitapinda, mama."

Nikaenda zahanati. Dada anayetibu maumivu ya viungo alinionyesha uti wa mgongo wa plastiki, akagusa vile vitu laini vilivyo kati ya pingili.

"Hivi ni kama mito midogo, na ndani vina maji mengi. Ukishinda umekaa, vinakamuliwa. Ukilala, vinayafyonza tena. Na wewe, kwa siku wanywa maji kiasi gani?"

Nilipomweleza habari za choo, alitikisa kichwa. "Maji peke yake hayaponyi mgongo. Lazima pia uwe unainuka, ujinyooshe, utembee. Lakini mwili mkavu utaipa nini hiyo mito?"

Kisima chetu ni cha maji ya chumvi, kwa hiyo kesho yake nilijaza chupa maji matamu ya kununua, nikaiweka kando ya cherehani. Kabla ya saa ya chakula nikasimama.

"Unaenda wapi?" msimamizi akauliza.

"Msalani."

"Si ungoje chakula?"

"Sitangoja. Uliniona siku ile nikiinuliwa hapa chini. Kazi yangu utaikagua jioni, ukiona pungufu, niambie."

Jirani zangu waliacha kushona, wakageuka kutusikiliza. Sikukaa. Msimamizi akatazama pembeni. "Haya, urudi upesi."

"Nitarudi kwa mwendo wangu," nikasema, nikaukata uwanja polepole huku nikijinyoosha.

Siku za mwanzo alininung'unikia kila nilipopita. Jioni alikagua suruali zangu, asipate kasoro. Kisha jirani yangu akaja na chupa yake, na mwingine, na mwingine. Suala la kuomba ruhusa likafa lenyewe.

Mgongo haujaniacha kabisa, nikikaa sana hunikumbusha. Mama sasa naye hunywa maji nikimmiminia, ingawa hulalamika kwamba namchosha kwa safari za chooni. Jumamosi iliyopita nilifua mashuka yetu yote, nikabeba beseni hadi kwenye kamba, nikaanika mwenyewe bila kushikwa na mtu.