Jumapili Tuliyopiga Simu Kutoka Jangwani

Mjukuu wangu wa kike alikuwa na miaka kumi na minane alipotandaza ramani ya Amerika ya Kusini juu ya meza yetu ya kulia, Tottenham, London, pale pale nilipokuwa nachambua sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia aondoe karatasi yake, majani yana maji.

"Koko, tazama hapa tu," akasema. Koko ndiyo bibi, kwa watoto wa kwetu Kongo.

Aliweka kidole mahali pasipo na rangi ya kijani hata kidogo. Akasema huko ni Chile, jangwani, mvua hainyeshi miaka na miaka, na kwa kuwa hakuna mawingu, watu wanatoka dunia nzima kwenda kutazama nyota. Mtoto huyu alikuwa mtu wa nyota tangu mdogo. London mbingu yake usiku ina rangi ya chungwa. Alikuwa akisimama kwenye balkoni ya flati yetu anahesabu nyota tano, sita, halafu mbili kati ya hizo zinaanza kushuka, kumbe ni ndege.

Kwa safari hiyo alifanya kazi ya duka Stratford kila Jumamosi mwaka mzima. Wiki chache kabla ya kuondoka, rafiki yake wa shule waliyepanga kwenda pamoja akabadili mawazo. Hapo mama yake, binti yangu, akasema neno moja: peke yako huendi.

Binti yangu si mtu mkali. Lakini mtoto huyu alimbeba mgongoni akiwa wa miaka sita, mzito, wakati tunakimbia vita, na njiani aliona akina mama waliopotezana na watoto wao kwenye umati. Mtu aliyeona vile hawezi kusikia "naenda jangwani peke yangu" akaendelea kukaanga samaki.

Siku nne nyumbani hakuna aliyesema na mwenzake. Siku ya tano nikasema, "Nitakwenda naye mimi."

Walicheka wote wawili, na huo ulikuwa mwanzo mzuri. Nilikuwa nimestaafu kazi ya kusafisha maofisi. Paspoti ninayo, mpya, haijapigwa muhuri hata mmoja. Na safari zangu zote za maisha nilikuwa nakimbia kitu. Nilitaka kuona mtu anasafirije bila kukimbizwa.

Binti yangu akaweka sharti. Tupige simu kila Jumapili akitoka kanisani. Na akiugua mmoja wetu, yeyote, hakuna kubembelezana, tunarudi wote wawili kwa ndege ya kwanza. Alikuwa ananitazama mimi na presha yangu. Mjukuu akaapa. Na mimi nikaapa.

Shule mimi nilisoma miaka mitatu tu. Kwa hiyo mjukuu alikuwa na daftari lake la safari, na mimi kichwa changu. Santiago, La Serena, Copiapó, Antofagasta, Calama: miji yote ninayo kwa mpangilio wa basi. Hata majina ya watu ninayo, mpaka la mama mwenye hosteli tuliyolala San Pedro na la mbwa wake, ila wenyewe sikuwaomba ruhusa kuyaandika.

Begi langu la mgongoni lilinishinda siku ya pili. Mikanda ilinikata mabega. Pale stendi ya Calama nikakunja kitenge, nikakifanya kata, nikajitwika begi kichwani. Mjukuu akaona haya.

"Koko, watu wanatutazama!"

"Waache watazame. Na wewe watazame wao."

Mama mmoja wa pale, mzigo wake amefunga mgongoni kwa blanketi la rangi rangi, alicheka mpaka akakaa chini. Akaja kugusa kitenge changu, na mimi nikagusa blanketi lake. Hatukuwa na lugha moja, lakini kuhusu mizigo tuliafikiana kabisa.

Hostelini nako. Asubuhi naamka mapema, nakuta jiko chafu, mikono yangu haikubali. Nikapiga deki. Kijana mmoja mzungu, nywele zimesimama, akanijia na shuka zake kuniomba nyingine safi. Nikampa. Kabati nilikuwa nimeshaliona lilipo. Mjukuu alipojua alitaka kwenda kumgombeza, nikamwambia mwache, ameomba kwa adabu.

Basi tukafika San Pedro, mji wa udongo mtupu, nyumba za udongo, hata kanisa la udongo, mlima mkubwa umesimama nyuma kama mwenye mji. Mjukuu akakimbilia kwa bwana anayeonyesha nyota. Akarudi uso umeanguka. Mwezi ulikuwa mpevu, mweupe kama taa ya kiwanja cha mpira, na mwezi ukiwaka vile nyota zinafifia. Bwana alisema tusubiri mpaka Jumatano, mwezi uchelewe kutoka. Alhamisi ilikuwa siku yetu ya kuanza kurudi Santiago. Jumatano hiyo moja ndiyo tuliyokuwa nayo.

Ili siku zisikae bure, Jumamosi tukapanda na gari dogo mpaka kijiji cha juu sana milimani, kwenye maziwa ya chumvi na ndege wekundu wenye miguu mirefu. Tukalala huko. Baridi ile, maji kwenye chupa yaliganda. Mimi nilizaliwa milimani, kwetu asubuhi tulikuwa tunatoka kwenye ukungu na jembe begani. Nilipumua vizuri, nikala, nikalala. Aliyeugua ni mjukuu. Kichwa kilimpasuka, akatapika mara tatu. Alfajiri mwenye gari akamtazama, hakuuliza swali, akatushusha San Pedro.

Nikamlaza hostelini. Ilikuwa Jumapili. Pale San Pedro ilikuwa saa nne asubuhi, London watu wanatoka kanisani.

Akanishika mkono. "Koko, usimwambie Mama."

"Nimwambie nini basi?"

"Mwambie nimelala. Si uongo. Nimelala kweli."

Nilikwenda kibanda cha simu na kadi yangu mkononi, na uongo ule nimeshautengeneza njiani, mzuri, hauna kasoro. Mtoto analala, tumechoka na basi, anakusalimia. Kitu gani kingetokea? Jumatano angeona nyota zake, tungerudi, hakuna ambaye angejua.

Lakini mimi wakati wa vita watu walinificha kifo cha kaka yangu miezi minne. Kila nikiuliza wananiambia yuko safarini, anakusalimia. Walinihurumia. Nilimpikia mtu aliyekufa mara ngapi, nikimwekea chakula chake, wao wanatazama? Nikiwa nabonyeza zile namba, nikalisikia lile "anakusalimia" kwa sauti zao.

"Mama? Muko wapi?" Sauti ya binti yangu, nyuma yake watu wa kanisani wanaagana.

"Tuko San Pedro. Mtoto aliugua jana kule mlimani. Tumeshuka. Amelala."

Nikasikia mlango unafungwa, kelele zikaisha, na aliyerudi kwenye simu hakuwa binti yangu, alikuwa yeye wa kazini kwake, anayetunza wazee na kuandika joto lao kila asubuhi.

"Anatapika?"

"Tangu tushuke, hapana."

"Anatembea sawa sawa au anayumba?"

"Sawa sawa. Amekwenda chooni mwenyewe."

"Anajua leo ni siku gani?"

"Anajua. Ndiyo maana ameniomba nikudanganye."

Simu ikakwaruza. Nikafikiri kadi imekwisha. Kumbe anacheka, lakini kicheko cha kulia.

"Tulipatana nini, mama?"

"Tulipatana akiugua mmoja, tunarudi wote."

"Basi?"

"Basi mimi nimekuambia ilivyo. Nyota ni Jumatano. Wewe ndiye mama yake. Ukisema turudi, leo jioni tunapanda basi."

"Ungeniambia yuko vizuri, ningejuaje?"

"Usingejua."

Alivuta pumzi, nikaisikia kutoka London mpaka jangwani. "Asipande mlima tena. Anywe maji hata kama hataki. Kesho saa hizi hizi nipigie. Akila na chakula kikakaa, subirini hiyo Jumatano. Akitapika hata mara moja, mama, ndege."

Niliporudi mjukuu aliusoma uso wangu. "Umeniuza, Koko," akasema, akageukia ukuta. Nilimwacha na ukuta wake. Baadaye nikamweleza alivyosema mama yake, yote, na lile la kutapika. Akageuka polepole. Yule mama mwenye hosteli akaleta supu ya kuku na mkate, na mjukuu akala kama mtu anayefanya mtihani, kijiko kwa kijiko, anajisikiliza tumbo. Chakula kilikaa. Jumatatu nikapiga simu, nikasema kimekaa. "Haya," akajibu, na ile haya ilikuwa na tabasamu ndani.

Jumatano jioni walitupeleka nje ya mji, tukakaa kwenye viti na mablanketi, taa zote zimezimwa. Mimi nyota nilikuwa nazijua kwetu, lakini tangu nije London nilikuwa nimezisahau kama mtu anavyosahau ladha. Mbingu ile ilikuwa imejaa mpaka chini kwenye ukingo wa ardhi. Ule mchirizi mweupe wa nyota umekatiza juu yetu, mnene, kama mtu amemwaga unga na hakufagia.

Bwana wa nyota alieleza kwa Kiingereza, na mjukuu, ambaye nyumbani nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akaanza kunitafsiria. Palipomshinda alishika mkono wangu akauelekeza. Kwenye darubini alikaa muda mrefu, waliokuwa nyuma yetu wakakohoa. Mwishowe akaondoa jicho. Akanisukuma mimi nitazame, akasimama ananishika kiuno nisiyumbe.

"Umeziona, Koko?"

"Nimeziona."

"Zote?"

"Mtoto, zote nitazimaliza saa ngapi?"

Alhamisi, stendini, akasema anataka kumpigia mama yake mwenyewe. Kabla ya hapo hakuwa akimpigia kwa hiari yake. Ilikuwa mimi nasema kwanza, halafu yeye anapewa simu dakika moja. Nilimwona kupitia kioo cha kibanda. Kwanza aliinamisha kichwa, nikajua anaungama lile la kutaka kudanganya. Halafu akainua uso, mkono wake mmoja ukaanza kuchora hewani, huku na huku, anamwonyesha mtu aliye London mahali kila kitu kilipokuwa.

Basi letu likaja. Nikagonga kioo. Alinipungia mkono, bado, Koko, bado. Nikasikia anasema kwa Kiswahili, "Mama, subiri, sijakuambia ya darubini."

Dereva akaniuliza kwa kichwa kama tunapanda. Nikamwonyesha kibanda kwa kidole. Alitazama, akamwona msichana anachora hewani, akacheka, akafunga mlango. Basi likaondoka bila sisi, vumbi likatulia, nikatafuta kivuli nikakaa. Lingine lilikuwa saa tisa.