Hilo Usiliandike

Kila mwaka wananialika ukumbini niwafundishe mawakili wapya maadili ya kazi. Wananipa kipaza sauti, chupa ya maji na kijitabu cha kanuni, nami nawasomea: siri ya mteja ni ya mteja, usisimame pande mbili za kesi moja. Vijana wanaandika. Wengine wanasinzia, na hao nawaheshimu zaidi, maana angalau hawajifanyi. Kisa changu mwenyewe sijawahi kuwasimulia.

Miaka ya tisini, nikiwa wakili wa mwaka wa pili, nilipanga chumba mtaa wa Soweto na kufanya kazi kwenye ofisi ya wakili mmoja mkongwe, karibu na soko la Moshi. Mji mzima ulimwita Mzee, nami nitamwita hivyo hivyo. Asubuhi moja akaingia kwangu mjane kutoka Old Moshi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa ametajirika kwa malori na mitumba tangu biashara ziachiwe huru, na sasa alikitaka kihamba, lile shamba la ukoo lenye migomba na kahawa kuzunguka nyumba. Alitaka kung'oa kahawa ajenge gesti. Kwa mila ya huko, kihamba kile kilikuwa cha mtoto wa kiume wa mwisho, na mama alikuwa naye, kijana mtu mzima, fundi seremala.

"Mume wangu amelala pale pale kwenye migomba," mama aliniambia. "Nikitolewa, mimi nitazikwa wapi?"

Nilimhoji kama nilivyofundishwa chuoni. Mwisho nikamuuliza kama kuna jambo lolote ambalo upande wa pili wangeweza kulitumia kumwumiza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba marehemu hakuwa baba wa kumzaa huyo kijana. Marehemu alijua, akamlea, akampa jina la babu. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua, hata kijana mwenyewe. Akanishika mkono. "Mwanangu, hilo usiliandike."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, faili la wakili ni kama kitubio kwa padri. Alipotoka nikaandika. Nikaandika kwa mwandiko mzuri na kupiga mstari chini yake. Jamani, nilivyojiona mwerevu siku ile!

Wiki tatu baadaye shemeji mtu akaja ofisini. Aliingia kwa Mzee, nikasikia vicheko, nikaona chai inapelekwa. Alipoondoka Mzee akaniita. "Lete faili la yule mama. Na mwandikie barua kwamba ofisi haitaweza kuendelea naye."

"Mzee, yule ni mteja wetu. Ametueleza mambo yake yote. Kanuni zinasema…"

"Kanuni zimeandikwa na watu wa Dar wasio na mashemeji," akanikata. "Hapa Moshi kila mtu ni ndugu wa mtu. Ukizifuata utamtetea nani, binti? Wazungu?"

Nilitafuta pa kuuliza. Kijitabu cha kanuni kilikuwa kimoja ofisini, kimewekwa chini ya mguu wa meza ya mpiga chapa ili isiyumbe. Na mtu ambaye mawakili vijana wa mji ule walimkimbilia wakikwama kwenye mambo ya maadili, unajua alikuwa nani? Alikuwa Mzee! Basi nikampelekea faili, nikaandika ile barua nikatia sahihi yangu. Niliogopa kufukuzwa kazi. Sina sababu nyingine kubwa kuliko hiyo.

Siku ya kesi mama alisimama peke yake bila wakili, kijana wake akiwa benchi la nyuma pamoja na ukoo mzima. Mimi nilikaa nyuma ya Mzee, ambaye sasa alikuwa wakili wa shemeji, nimembebea vitabu. Akainuka na kumwuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa: "Mama, huyu mwanao wa mwisho ni damu ya marehemu?"

Mama hakumtazama yeye wala hakimu. Alinitazama mimi. Kisha akajifunika kanga kichwani akatoka nje. Kijana alibaki ameduwaa, ndugu zake wakimkagua pua na masikio. Nami nikainamia vitabu.

Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba swali lile kisheria halikuwa na uzito wowote. Mtoto amezaliwa ndani ya ndoa, baba amemkubali, ningelijibu kwa dakika tano. Mzee alilijua hilo kuliko mimi. Hakuhitaji sheria, alihitaji aibu tu, na aibu alichota kwenye karatasi yangu. Mama hakukanyaga tena mahakamani, kesi ikafutwa kwa sababu yeye, mdai, hakufika, na shemeji akakichukua kihamba. Kijana akaenda Arusha bila kumuaga mama yake.

Hapo ndipo nikajifanya shujaa. Niliacha kazi kwa Mzee, nikapata ofisi nyingine, nikapanda Old Moshi na karatasi zangu. Nilimwandikia mama malalamiko ya kurasa sita kwa kamati ya nidhamu ya mawakili, naye akaweka dole gumba. Loh, nilivyoyafurahia! Nilitaka yule mshenzi avuliwe joho mchana kweupe.

Siku ya kusikilizwa ilipokaribia, ikaja barua: mlalamikaji ameondoa malalamiko yake.

Nilipanda mlima siku hiyo hiyo, hasira imenipanda kichwani. Mama alikuwa anaishi kwenye chumba cha nyuma kwa jirani. "Shikamoo mama," nikasema, na marahaba yake haijaisha nikamwuliza amefanya nini.

Akaniambia Mzee alikuja na wazee wawili, na mbege, pombe yetu ya ndizi, na jani la isale lililofungwa fundo. Kila aliyekulia Moshi anajua maana yake. Mwenye kosa akikuletea isale kuomba radhi, unasamehe, hata kama amekumaliza.

"Mama, alikuja kuokoa kazi yake! Amekurudishia hata mgomba mmoja?"

"Hajarudisha."

"Sasa umemsamehe nini?"

Aliendelea kumenya ndizi. "Alisimama pale mlangoni na mvi zake akasema, nimekukosea. Labda aliongopa. Lakini alilisema mbele ya watu." Akaweka kisu chini. "Yeye siri yangu aliikuta kwenye karatasi, mwanangu. Aliyeiandika ni wewe. Umepanda huku mara nyingi. Umeniletea karatasi, umeniletea wino wa dole gumba, leo umeniletea hasira. Isale lako sijaliona."

Niliondoka bila kunywa hata maji. Masale yameota mpakani mwa kila kihamba, kulia na kushoto, njia nzima mpaka barabara kuu. Nilipita katikati yake sikuchuma hata jani moja, kwa kuwa bado nilikuwa nimekasirika na bado niliamini kwamba mwenye haki ni mimi.

Mama alifariki kabla ya masika. Walimzika kwa kaka zake, mbali na mumewe, nami nilikuwa sijampelekea isale.