Viazi Viwili Mkobani

Asubuhi ya kumzika mkewe, Farquhar Mackay aliketi jikoni akijipaka mafuta ya kondoo magotini. Alipaka mbele, akapaka na nyuma, kwa sababu Ishbel alimfundisha kwamba baridi ina akili ya mwizi: mlango wa mbele huuacha, ikazunguka uani. Miaka yote ya ndoa yao, mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya Ishbel. Alikuwa akichuchumaa mbele ya jiko na kusugua kwa nguvu kama anayesugua sufuria, huku akimsema. "Miguu ya kuku hii. Na bado watu wanakuita uje wakutazame." Leo mafuta yalimgandia vidoleni, yakabaki vipande vyeupe juu ya ngozi.

Alivaa soksi nyepesi, juu yake akavaa zile ndefu za sufu alizofuma Ishbel, kisha akaichukua kilti, ile sketi ya sufu ya wanaume wa Kiskoti, kutoka kwenye kiti. Ilikuwa ya baba yake, aliyerudi nayo kutoka jeshini. Anayedhani kwamba mwanamume wa kilti huganda makalio hajawahi kuivaa. Nyuma kuna marinda juu ya marinda, mtu yumo ndani kama kondoo zizini. Taabu iko magotini, na kwa mpiga zumari ya mfuko kama yeye, taabu kubwa iko vidoleni. Tena ikinyeshewa theluji, pindo huganda likawa gumu kama bati na kukwangua ngozi nyuma ya magoti hadi damu. Ishbel alikwisha kulishonea pindo hilo utepe wa flaneli kwa ndani. Farquhar aliupapasa utepe kwa kidole gumba, halafu akafunga mikanda.

Dolina, mdogo wake Ishbel, aliingia bila kubisha, theluji mabegani.

"Shemeji, vaa suruali ndani. Leo hata shetani hajatoka kwake."

"Sivai."

"Nani atakuchungulia? Waliokuwa na hamu ya kukuchungulia wote umewapigia zumari wakienda makaburini."

Farquhar alicheka. Kicheko kikafika katikati, kikakatika. "Ishbel angejua," alisema.

"Ishbel angekuvalisha kwa nguvu."

Hakuvaa. Alifungua tanuri, akatoa viazi viwili vilivyookwa na maganda yake, akavifunga kila kimoja kwa kitambaa, akavitia ndani ya mkoba wa ngozi unaoning'inia mbele ya kilti. Wapiga zumari wa bonde la Kildorrach walifanya hivyo tangu zamani. Kila mkono na kiazi chake. Mkono ukiwa na joto, wimbo upo. Mkono ukifa ganzi, hata mfalme wa zumari ni mtu aliyekumbatia mfuko wa upepo.

Na leo hapakuwa na mwingine wa kushika nafasi yake. Vijana wa bonde walikwisha kwenda mijini, na waliobaki hawakujua kupiga. Juzi yake Bwana Calder, anayesimamia mazishi, alikuja kukaa naye mezani.

"Farquhar, kamba ya kichwani mwa jeneza ni ya mume. Ndiyo desturi. Wewe ndiye wa kumshusha."

"Nani atapiga?"

"Nina spika nzuri ndani ya gari. Inasikika mpaka mtoni."

"Ishbel alisema asizikwe na sanduku linaloimba."

"Alisema mengi, Mungu amrehemu. Huwezi kushika kamba na zumari kwa mikono hiyo miwili."

Farquhar alilijua hilo. Lakini ulikuwako wimbo alioutunga majira ya baridi ya kwanza ya ndoa yao, jikoni humu humu, ambao hakuwahi kuupiga mbele ya watu. Siku za mwisho Ishbel alimshika mkono akasema, "Ule wetu. Nikishuka, nisikie ule wetu." Basi kamba ya kichwani akampa Ewan, mwana wa Dolina, kijana wa Aberdeen aliyekuwa akimwona mama yake mkubwa siku za Mwaka Mpya tu, tena si kila mwaka.

Makaburi ya Kildorrach yako juu ya kilima, na kilima kile Farquhar alikifahamu kuliko kiganja chake. Nusu ya maisha yake aliendesha lori la kumwaga chumvi na mchanga barabarani, akiamka kabla ya mtu yeyote ili wengine wapite salama. Alipostaafu, lori likaacha kufika barabara ile. Waliambiwa wakazi ni wachache mno. Kwa hiyo gari la maiti lilipofika kwenye mteremko wa daraja, magurudumu yakazunguka bure, gari likarudi nyuma taratibu na kulala kando.

Wanaume waliokuwa wakingoja makaburini walishuka kwenda kulisukuma. Farquhar alipiga hatua mbili kuwafuata.

"We, wapi?" Calder alimzuia. "Mikono yako! Rudi ukaisitiri."

Akarudi. Akasimama karibu na shimo lililo wazi, mikono mkobani, akitazama wanaume wengine wakimsukuma mkewe kupanda kilima. Walikuwa wakihesabu kwa pamoja, moja, mbili, sukuma, na mara mmoja akateleza, wenzake wakacheka, kisha wakakumbuka. Upepo ulitoka mlimani ukapita chini ya kilti. Mafuta yalishika magoti, soksi zilishika vigimbi vya miguu. Ishbel alikuwa bado anamlinda kila mahali alipomfikia.

Dolina alisimama kando yake. Alikuwa amebana mikono kwapani, na midomo ilimcheza.

"Glavu zako ziko wapi?"

"Nimemvika Ishbel."

"Nini?"

"Jana, kabla hawajafunga. Alikuwa akisikia baridi sana, wewe unajua. Nikaona vidole vyake vile..."

Farquhar aliutazama mteremko. Gari lilikuwa limesogea kidogo tu. Akakitoa kiazi cha mkono wa kulia, kile kilichokaa chini ya tanuri na kushika moto zaidi, akamwekea Dolina viganjani.

"Hapana, shemeji. Wewe unakihitaji."

"Ninacho kingine. Shika."

Kiazi kilichobaki alikihamisha mkono huu na huu. Mkono mmoja ukipata, mwingine unakosa. Kila alipofungua mkoba, baridi iliingia nayo ikaota moto wake. Gari lilipofika langoni hatimaye, kiazi kilikuwa kama kitu kilichookotwa shambani.

Mchungaji alifupisha sala kwa kuwaonea watu huruma. Calder akawaita washika kamba, mmoja mmoja, kila mtu pembeni mwa jeneza kwa nafasi yake. Ewan akasimama kichwani, viatu vyake vya mjini vimezama thelujini. Calder akamtazama Farquhar, akainamisha kichwa.

Farquhar aliupuliza mfuko, akaubana kwapani, sauti nzito ya mabomba ya begani ikajaa kilima kizima. Mkono wa kushoto ulianza wimbo ukaenda vizuri. Kisha zamu ya mkono wa kulia ikafika. Alikiagiza kidole kidogo kizibe tundu lake, akakiona kikilala juu ya tundu, lakini hakuhisi mti wala tundu. Zumari ikatoa mlio wa kondoo aliyenasa kwenye waya. Alikatiza, akaanza upya. Mahali palepale, mlio uleule. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Mara ya tatu vidole vyote vya kulia vilikataa, mfuko ukamtoka pumzi kwapani polepole, ukaisha.

Calder alionyesha gari kwa jicho: spika? Farquhar akatikisa kichwa.

Basi wakamshusha Ishbel kimya. Kilichosikika ni kamba zikikwaruza mbao. Ewan hakuwa na uzoefu, aliiachia kamba haraka, upande wa kichwa ukatangulia kushuka, mzee mmoja akanong'ona kwa ukali, "Taratibu, kijana, taratibu!" Mikono ya Farquhar iliruka mbele yenyewe, zumari ikamzuia kifuani. Jeneza likagusa chini. Washika kamba wakaziachia ncha zao, nazo zikaangukia juu ya kifuniko, moja baada ya nyingine. Yeye hakuwa na ya kuachia.

Watu walishuka kuelekea ukumbini, kulikokuwa na supu na wiski. Ewan alisimama mbele yake. "Baba mkubwa, mimi..." Farquhar akamgusa bega kwa kiwiko, apite.

Alibaki Dolina. Alikuwa akilia bila sauti, na kitambaa chenye kiazi kilikuwa bado viganjani mwake.

"Shika, shemeji," alisema, akimsukumia kiazi mkononi. "Bado kina moto."

Farquhar alikifumbata. Alikitazama kwa muda mrefu, kwa maana vidole havikuhisi kitu, na hakuwa na njia nyingine ya kujua kwamba kimo mkononi.

"Ndiyo," alisema. "Kina moto."