Kanisa Linaumwa

Kwetu Tabora mtu akifa nawe uko mbali, hawakwambii amekufa. Wanakwambia anaumwa sana, fanya uje. Baba alipofariki, kaka alinipigia simu nikiwa kazini Oakdale, Marekani, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akasema hivyohivyo. Nikaanza kutafuta tiketi. Sista mmoja, mtawa mzee niliyekuwa nikimlisha uji, akanishika mkono.

"Mwanangu, Tabora wakisema hivyo, mtu ameshazikwa. Usijidanganye."

Nilimchukia siku nzima. Jioni nikampigia kaka tena, akaangua kilio. Baba alikuwa amezikwa jana yake.

Sista huyo alikuwa Mfaransa, mzaliwa wa mji mdogo wa kando ya mto. Alifundisha wakunga Tabora miaka na miaka, kisha shirika lake likamleta Minnesota kuzeekea. Ukutani alibandika picha moja tu: kanisa la kwao, la mawe, ngazi zake zikishuka hadi majini. Alibatizwa humo, kama mama yake na bibi yake. Aliyebatizwa humo akifa, hata awe nchi gani, kengele ilipigwa, mara tisa kwa mwanamume, mara sita kwa mwanamke. Watu walisimama barabarani wakaulizana, "Ni nani?" Sista hakuwa na mtoto wala mume. Kengele sita ndizo pekee alizoidai dunia. Aliniapisha kwamba akifa nimwandikie binti wa kaka yake siku hiyohiyo.

Daktari aliposema siku zimekaribia, niliandika mapema. Jibu likaja: ukingo wa mto umemomonyoka, kanisa limebomolewa, kengele imeuzwa. Binti akaniomba nimweleze shangazi yake, eti yeye hana moyo huo. Kana kwamba mimi ninao!

"Ni building tu, si mtu," akaniambia mfanyakazi mwenzangu, Mkenya. "Mwambie, halafu uanze ku-drive home, snow inakuja."

Siku tatu nilizunguka na habari ile tumboni. Siku ya nne sista akaniuliza mwenyewe kama binti amejibu. Nilikuwa nimepanga kusema kweli, wallahi nilikuwa nimepanga. Kinywa kikatoa maneno ya kaka yangu.

"Amejibu, sista. Anasema kanisa... linaumwa sana."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Limezikwa lini?" akauliza sista.

"Mwezi uliopita."

"Na kengele?"

"Imeuzwa."

Akaniomba niibandue ile picha, niiweke kwenye droo. Nikaibandua, nikaiweka.

Alifariki wiki iliyofuata, saa sita mchana, nikiwa namwosha miguu. Nilimwandikia binti siku hiyohiyo, kama nilivyoahidi. Mjini kwao hakuna aliyesimama barabarani kuuliza ni nani.