Sanduku Moja la Kwenda Titye

Hakuna kilichokuwa kikinipandisha hasira katika kazi yetu kama kusahau kifaa. Mmefika saiti, mmeshusha jenereta, mmevuta waya, halafu mnagundua kuwa spana ya kufungulia diski ya grenda imebaki Kasulu chini ya kitanda. Hapo mtu anapanda bodaboda kurudi, wengine mnakaa juu ya matofali mkipiga miayo, na mwenye nyumba anapita pita akiwatazama kama watu waliokuja kula chakula chake. Mambo hayo yalinichosha. Kwa hiyo nikaunda sanduku.

Nilitumia mbao ngumu na kona za chuma, na ndani nikalikata vyumba. Grenda kubwa na chumba chake, ndogo na chake, drili mbili kichwa kwa miguu, msumeno wa umeme umefungwa kwa mpira wa tairi usicheze. Betri zilikaa mbali na mashine zake, kwa sababu niliwahi kusikia drili ikijiwasha yenyewe ndani ya kiroba na sikutaka kuisikia tena. Diski za kukatia chuma niliziweka kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga. Nilijisifu sana kwa sanduku lile. Mke wangu alisema nalipenda kuliko yeye, nami sikubisha.

Mwenzangu wa kazi alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, Muha wa Kumsenga. Yeye na mpangilio walikuwa hawajuani. Vyombo vyake vilikaa kwenye viroba na mifuko ya kila rangi, na ni kichwa chake tu kilichojua mfuko gani una nini. Nilimtania kwamba mizigo yake ni ya mama mkwe anayekuja kukaa mwaka mzima. Naye alinijibu kwamba watu wa Singida tumezoea kuhesabu kuku, ndiyo maana kila kitu tunakitafutia banda.

Shemeji alikuwa na jicho moja. La kushoto liliondoka na kipande cha chuma kabla sijamwoa dada yake. Ungedhani mtu wa namna hiyo angelala na miwani ya kazi usoni, lakini hakuivaa hata kwa ugomvi. "Ikiingia ukungu, shemeji, mimi nimebaki na nini?" alikuwa akisema. Badala yake alikuwa na namna yake. Akishaupima mstari wa kukata, aligeuza uso, lile jicho bovu likaelekea kwenye cheche na lile zima likajificha nyuma ya pua. Alikata hivyo kwa miaka, na mikato yake ilinyooka kuliko yangu. Ila mimi nilikuwa naogopa. Mke wangu alikuwa anaogopa zaidi. Kila tulipokuwa tunaondoka alinivuta pembeni akaniambia neno lile lile: "Lile jicho lake uniletee."

Masika ya mwaka ule tulimaliza kazi ya madirisha Kibondo, tukapata nyingine Titye, kuweka kenchi za chuma kwenye nyumba ya mwalimu. Nusu ya vifaa ilikuwa kwangu Kasulu, nusu ilikuwa bado Kibondo kwa shemeji. Nikamwambia safari hii hatubebi viroba. Alete vyake vyote, mimi nitavichanganya na vyangu, tuondoke na mzigo mmoja kwenye gari dogo moja la kirikuu, na nitakayemwona na mfuko wa pembeni nitamshusha nao njiani.

Alinipigia akiwa bado barabarani. Mvua ilikuwa inanyesha kwake na sauti ilikatika katika. Aliniambia kirikuu itashusha mizigo kwangu, yeye atashukia Kabanga kumwona mgonjwa wao, na asubuhi tumpitie hapo hapo. Kisha akasema, "Diski za ejo nimezitenga kwenye mfuko mwekundu. Usizichanganye." Nikamjibu, "Ego, shemeji," yaani ndiyo, kwa furaha ya mtu anayejisikia mwenyeji.

Neno hilo la ejo nililijua. Nilikuwa nimejifunza Kiha changu sokoni, kwa akina mama wa maharage, ambao ukiwakuta wameishiwa walikwambia uje ejo, na ukija siku ya pili unayakuta. Ejo ni kesho. Nikafurahi kwamba shemeji kwa mara ya kwanza maishani mwake ametenga kitu kwa ajili ya kazi ya kesho. Niliona sanduku langu limeanza kumfundisha adabu.

Mizigo ilipofika mke wangu alikuwa msibani kwa jirani. Nilivifungua viroba mwenyewe, kimoja kimoja, nikifuta matope na kukipeleka kila kifaa chumbani kwake. Mfuko mwekundu ulikuwa mzito na umefungwa mafundo mawili. Ndani mlikuwa na diski mpya, baadhi zikiwa na tope pembeni, na tope kwa masika ya huku ni la kawaida hata kwenye sukari. Nilizipangusa kwa kitambaa. Nikazilaza ndani ya kopo kwa juu, za zamani zikiwa chini, ili za kesho ziwe karibu na mkono. Mfuko mtupu nikautupa. Nilipolifunga sanduku nililitikisa, na hakuna kilicholia.

Asubuhi ilikuja na wingu zito lililokaa juu ya vilima na halikunyesha. Tulimchukua shemeji Kabanga. "Mwakeye, shemeji," akanisalimu, akachungulia nyuma ya gari, akacheka. "Kabati limesafiri!" Hakuuliza mfuko wake. Na kwa nini aulize? Nilikuwa nimemwambia nitamshusha nao.

Njia ya Titye ilikuwa na utelezi, na gari liliyumba mara mbili ukingoni mwa korongo. Mkono wangu ulikuwa umelala juu ya sanduku muda wote. Nilihisi vibaya siku ile na sikujua kwa nini. Nilidhani ni barabara.

Tulipofika, kila kitu kilikwenda kama nilivyoota. Jenereta ikawaka mara ya kwanza. Shemeji akafungua kopo, akachukua diski ya juu, akaifunga kwenye grenda ndogo, akapanda ukutani. Ile kinga ya chuma inayozunguka diski tulishaitoa siku nyingi, kama mafundi wengi, ili mashine iingie kwenye kona. Mimi nilibaki chini na dereva wa kirikuu, tukipima mabomba. Jenereta ilikuwa inanguruma na tuliongea kwa kupaza sauti.

"Leo mizigo imetulia," dereva akasema. "Siyo kama juzi, tulipokuwa tunaikusanya kule Kibondo. Pale mteremkoni boksi lake la diski lilidondoka, fuso ikapita juu."

Nikamuuliza diski zipi.

"Si zile alizokupigia simu? Shemeji yako aliziokota zote kwenye tope. Nikamwambia tuziache, akakataa, watoto watazichezea. Alisema zitatupwa chooni kwako."

Ejo ni kesho. Ejo ni jana pia. Kwa watu wa mke wangu ni neno moja kwa siku zote mbili zinazopakana na leo, na mwenye kuzaliwa nalo anajua ni ipi kwa yanayosemwa mbele na nyuma. Mimi nilikuwa nimepewa nusu yake sokoni, nikatembea nayo miaka kama mtu mwenye neno zima. Diski iliyopata ufa haionyeshi kitu mpaka izunguke.

Niliinua kichwa. Shemeji alikuwa ameinamia kenchi ya kwanza, grenda inazunguka, ameshaupima mstari na uso ameugeuza kama kawaida yake. Diski ilikuwa inakaribia chuma. Nikapiga kelele. Niliita kwa nguvu zangu zote, na jenereta ikaimeza. Nikaokota kipande cha tofali nikakirusha kwenye bati lililokuwa limesimamishwa karibu naye, likalia.

Alinisikia. Akageuka kunitazama.

Mlio wa diski kupasuka ulikuwa mdogo, kama sahani iliyovunjika jikoni kwa jirani. Hakuanguka. Alikaa chini pale pale juu ya ukuta taratibu, akaiweka grenda pembeni kwa uangalifu, akajifunika uso wa kulia kwa viganja vyote viwili. Mimi na dereva tulimteremsha. Tulilitupa sanduku chini matopeni, lote, na vyumba vyake, ili tupate nafasi ya kumlaza garini.

Madaktari wa hospitali ya Kabanga walifanya walichoweza, na hilo nalisema bila kinyongo. Nilikuwa na hasira na kila mtu mwingine: fuso, akina mama wa maharage, lugha yenyewe, mkono wangu uliorusha tofali. Mke wangu hakunisema. Siku zote zile za hospitali hakunisema hata mara moja, na nilitamani anitukane.

Siku ya kufungua bandeji tulikuwa mimi na mke wangu kando ya kitanda chake. Daktari alizungusha kitambaa polepole, akatoa pamba, akamwambia fumbua. Shemeji akafumbua. Dirisha lilikuwa wazi na jua lilikuwa limejaa shukani mpaka linaumiza. Akageuza uso upande nilikokuwa ninapumulia.

"Shemeji," akasema, "ubahili wa Singida huo. Washa basi taa."

Mke wangu alicheka, kwa sababu ni kaka yake na siku zote alikuwa mtani. Tukamsubiri naye acheke.