Maua ya Kilima cha Wachanga

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa maji ziwani, niliamini kwamba chini ya kila ua la zambarau pale kilimani kwetu Rumonge amelala mtoto mchanga. Bibi, mzaa mama, ndiye aliyeniambia. Mvua ya kwanza ikigusa ardhi kavu, maua yale yalichomoza chini kabisa, bila hata jani moja, yenye koo la manjano. Majani yalikuja baadaye, maua yakishakauka. Bibi alisema ndivyo alivyo mtoto anayefariki kabla ya kupewa jina: unamwona, anapendeza, anaondoka hujamzoea.

Kwa hiyo hatukuyachuma, na mbuzi aliyeyasogelea alifukuzwa kwa mawe. Mimi nilikuwa mdadisi wa kuchosha watu. Nilimwuliza Bibi mbona maua ni mengi kuliko misiba. Akanijibu kwamba misiba ya zamani siijui. Sikuridhika.

Wakati huo wenye amri walikuwa Wadachi, yaani Wajerumani, na mji ulikuwa unakua upesi. Baba yangu, Mwislamu aliyetoka Ujiji, alikuwa fundi wa matofali. Alipewa kazi ya kufyatua matofali ya nyumba za kituo chao, na udongo uliofaa kuliko wote ulikuwa wa kilimani, hasa ukishalainishwa na mvua za kwanza. Alirudi nyumbani na furaha tele. Mama aliinamia chungu chake. Alikuwa na mimba kubwa, na mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika kule juu ndugu yangu, ambaye hata siku ya kupewa jina hakuifikia.

Aliyesema ni Bibi. Kwa mila ya kwao, mtoto wa namna hiyo hawekewi tuta. Mama yake hupanda juu yake kipande cha tunguu la ua lile, shina lake la chini ya udongo, basi. Ua likipotea, aliyelala huamka, akamwita mdogo wake amfuate. Baba alisema hayo ni maneno ya watu wasiosoma dini. Bibi akamjibu huku akitazama ukuta, maana mkwe hatazamwi usoni:

"Wewe chimba, mukwe wangu. Lakini huyu iko mu tumbo akienda, usikuje kuniuliza mimi."

Siku hiyo Baba alikula kidogo sana.

Asubuhi, kabla wafanyakazi hawajafika, Mama na Bibi walinichukua kilimani. Nilijua sababu tulipofika: walitaka kulihamishia nyumbani ua la ndugu yangu, na mimi ndiye wa kulifukua. Mama hulipanda tunguu mwenyewe, lakini kulifukua ni mwiko kwake, kwa kuwa ni kama kumfukua mwanawe. Lazima uwe mkono wa mtoto wa kike. Niliogopa, sikatai, ila hamu ya kuona ilizidi woga.

Mama alinionyesha mahali, nikachimba pole pole kwa kijiti na vidole. Sikuona mtoto. Niliona tunguu linalonukia kama tangawizi, limeshikana na jingine, na hilo limeshikana na jingine tena, yakisambaa pande zote chini ya udongo. Nilipovuta kidogo, ua lililokuwa mbali nasi likatikisika. Nikapata jibu la swali langu la maua na misiba: tunguu moja lilizaa maua mengi. Sikulifurahia hata kidogo.

"Yetu iko gani?" Mama aliuliza.

Bibi alitazama ua hili, akatazama lile. Mama akakaa chini, akalia akiwa ameshika tumbo.

Wafanyakazi walifika na majembe, Baba mbele yao. Nilidhani atatugombeza. Akachuchumaa, akalifuata lile tunguu kwa kidole mpaka lilipozama ardhini. Mwishowe akawaambia wenzake waketi, akanigeukia mimi.

"Nenda mjini, mama. Waambie wanawake wote waliozika huku waje na vikapu. Matofali yatangoja."

Walikuja, wakiwa na binti zao wa kuwachimbia. Hakuna aliyejua amechukua la nani, na hakuna aliyegombana. Kila mmoja alipata kipande, akaondoka nacho kama chake. Kwa kazi iliyolala siku ile Baba alichapwa viboko kituoni, na mpaka anakufa hakututajia ni vingapi. Kilima kiligeuka mashimo, mashimo yakajaa maji, kisha zikaja nyumba.

Mama alijifungua mtoto wa kiume. Aliishi, na leo ni mzee mbishi anayesema habari hii ni uzushi wa wanawake.

Huenda. Mimi sijui kama ua lilimzuia asiondoke. Ninachojua ni kwamba pale kilimani halikubaki hata moja, na hakuna mkubwa yeyote aliyetoa amri ya kuyatunza. Lakini mvua zikianza, pita nyuma ya nyumba za mji wa zamani, utayaona yamechomoza karibu na jiko au kando ya choo. Wageni huyasifu. Wenyeji huyapita kimya, kwa sababu wanajua nyumba hiyo ilipoteza nini.

Nami nilipompoteza binti yangu wa kwanza kabla hajapewa jina, sikumwuliza mtu kama ni kweli. Nilikwenda kwa Mama kuomba kipande. Alimwita mtoto wa kike wa jirani, aje atuchimbie.